Dawa ya sukari na asubuhi bila kula

Swali: Mtaalamu wa lishe, salamu. Nina umri wa miaka 52, naishi Likoni na nafanya kazi bandarini Kilindini. Nina kisukari cha aina ya pili na natumia metfomini na glibenklamidi. Ili nipunguze uzito niliacha kustaftahi: alfajiri humeza dawa kwa kikombe cha chai ya rangi, kisha sili kitu hadi saa saba mchana. Hata hivyo nikiamka sukari huwa 8 na kitu, na ikikaribia saa sita wakati mwingine natetemeka na kutokwa na jasho. Je, kutostaftahi kunanisaidia au kunanidhuru?

Jibu: Ndugu yangu, naanza na huko kutetemeka, kwa sababu mengine yanaweza kungoja. Glibenklamidi hulichochea kongosho litoe insulini hata kama tumboni hamna kitu, na nguvu yake hudumu mwilini kwa saa nyingi, kwa hiyo kidonge ulichomeza alfajiri bado kinateremsha sukari saa tano, wakati misuli yako nayo inaitumia sukari hiyo hiyo kwa kazi ya bandarini. Dalili ulizozitaja ni za sukari iliyoshuka mno, yaani chini ya 4 kwa kipimo cha mmol/L. Zikikupata, pima ukiweza, kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida au maji yaliyokorogwa vijiko vinne vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, urudie ikiwa bado iko chini, kisha ule chakula. Usiendeshe gari wala mtambo kabla hujatengemaa. Metfomini ikitumiwa peke yake ni nadra kuleta hali hii, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisitoe sukari kupita kiasi.

Ini hilo hilo ndilo lenye sehemu kubwa katika ile 8 ya alfajiri. Kabla hujaamka, homoni kama kotisoli hupanda na ini huachilia sukari ili mwili upate nguvu ya kuianza siku. Mwili wa asiye na kisukari huongeza insulini na kuidhibiti sukari hiyo, ilhali wako hauwezi kuongeza insulini ya kutosha. Ndiyo maana kurefusha njaa hakukupi unachokitafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walipokosa staftahi, sukari yao ilipanda zaidi baada ya chakula cha mchana na cha usiku, ingawa milo hiyo ilikuwa ile ile.

Kuhusu uzito, ni kweli kwamba wasiwasi wa kuwa asiyestaftahi hunenepa umetiwa chumvi. Uchambuzi wa majaribio 13 uliochapishwa mwaka 2019 uliona kwamba waliostaftahi walikula takriban kilokalori 260 zaidi kwa siku na walikuwa wazito kidogo, kwa wastani wa kilo 0.44, ingawa mengi ya majaribio hayo yalikuwa ya muda mfupi. Mtu mzima asiye na ugonjwa, na ambaye asubuhi hana njaa, simlazimishi kula. Kwako wewe mwenye kumeza glibenklamidi hesabu ni nyingine.

Hukusema chai yako ina sukari vijiko vingapi. Kijiko kimoja cha chai hubeba takriban gramu 4, na vinne ni gramu 16 zinazoingia damuni kwa haraka na kwisha mapema. Hapo unakuwa hukufunga, wala hukula.

Ushauri wangu ni ule kabla ya kupanda feri au ubebe chakula chako. Mbaazi za nazi zinafaa sana, kwa kuwa protini na nyuzinyuzi zake huchelewesha sukari kupanda, ila tui liwe jepesi. Kosa la wengi wetu hapa Mombasa ni kula mahamri manne kwa mbaazi za kuonja. Kwako iwe bakuli la mbaazi na hamri moja. Yai la kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu pia ni sawa. Viazi karai sitavitetea.

Usiache wala kupunguza dawa kwa uamuzi wako. Kwa wiki moja andika sukari ya kuamka, ya kabla ya chakula cha mchana na ya saa mbili baada yake, pamoja na kila mara uliyotetemeka, kisha upeleke daftari kliniki mapema iwezekanavyo bila kungoja tarehe yako. Daktari ataamua kama glibenklamidi ipunguzwe, ihamishiwe kwenye mlo mwingine, au ubadilishiwe gliklazidi, ambayo haishushi sukari kupita kiasi mara nyingi kama hiyo. Ikiwa unafunga Ramadhani, mazungumzo haya yafanyike kabla mwezi haujaandama, kwa sababu dozi na saa za dawa zitabidi zipangwe upya kati ya futari na daku.