Maswali ya Nyumba: Tubomoe ukuta wa sebule?

SWALI: Nyumba ya wazazi wetu ni ya mawe, haina ghorofa, ina vyumba 6 vya kulala. Familia ikikutana Desemba, sebule haitutoshi. Tunataka kuondoa ukuta wa futi 16 unaoitenga na chumba cha kulia. Fundi anasema ataubomoa kwa siku moja kwa kuwa hakuna ghorofa juu. Tumruhusu? – Msomaji, Kiamunyi, Nakuru

JIBU: Hapana, msimruhusu bado. Hata bila ghorofa, paa ni mzigo. Pandeni darini na tochi. Mkikuta mbao za paa zimeegemea ukuta huo, au zimeungwa juu yake, jueni ndio unaozibeba. Basi mhandisi wa majengo aliyesajiliwa apime na kuchora bimu, yaani mhimili wa konkriti yenye vyuma utakaobeba paa badala ya ukuta, na mchoro uidhinishwe na kaunti.

Msiondoe futi zote 16. Bakizeni futi 2 kila upande. Uwazi wa futi 12 unatosha kabisa, na bimu itapata pa kukalia, angalau inchi 9 kila mwisho.

Zimeni umeme kwenye meni swichi. Kisha paa lishikiliwe pande zote mbili za ukuta, si upande mmoja: boriti juu, nguzo kila futi 3, ubao mnene chini ya nguzo.

Bimu ya upana wa inchi 8 na kina cha inchi 14 (mhandisi ndiye mwenye neno la mwisho) hula takriban mifuko 2 ya saruji, kwa kipimo cha 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Maji mengi ndiyo huidhoofisha. Finyeni konkriti kiganjani: ishikane bila kudondosha maji. Vyuma viinuliwe inchi 1 kutoka kwenye mbao za chini za kasha la kumwagia konkriti, la sivyo vitashika kutu, vivimbe na kuipasua bimu. Mwagilieni maji siku 7. Nguzo zikae siku 28.

Pengo la juu ya bimu ndilo mafundi wengi hulisahau. Kabla ya kuondoa nguzo, lijazeni saruji na mchanga 1:3, yenye unyevu kidogo tu, mkiigonga kwa ubao mpaka ikatae kuingia zaidi. Likiachwa wazi, paa litashuka kulijaza lenyewe: misumari ya mabati italegea na mvua ya Aprili itaingia hadi kwenye dari.

Ufa wa mshazari ukitokea kwenye pembe ya juu ya uwazi, rudisheni nguzo siku hiyohiyo, ndipo mumwite mhandisi.