Umepangiwa mtaa Dodoma? Soma hili kabla hujaripoti

Ndugu zangu Watendaji wa Mtaa mnaoanza kazi, hongereni kwa ajira. Hakikisheni kwanza mnajua mnaingia wapi. Jiji la Dodoma lina kata 41 na mitaa 222, na mitaa hiyo haifanani hata kidogo. Ukipangiwa Viwandani utakuta maduka na wapangaji wanaohama kila kukicha. Ukipangiwa Hombolo utakuta uwele na mizabibu, na utaapa kwamba hicho ni kijiji. Kumbe ni mtaa. Kijiji kina halmashauri yake na kinasimamia ardhi yake kisheria. Mtaa hauna mamlaka hayo.

Hapo ndipo wageni wengi wanaponaswa. Ardhi ya mji huu ilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) tangu 1973 hadi ilipovunjwa mwaka 2017, majukumu yakahamia halmashauri, na migogoro ya viwanja nayo ikahamia huko huko. Utaletewa karatasi ya mauziano, muuzaji na mnunuzi wamekaa mbele yako wanatabasamu, wanataka muhuri tu "ili iwe halali". Muhuri wa mtaa haugeuzi karatasi kuwa hati. Waambie waende ofisi ya ardhi ya jiji wakaulize kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani. Watanuna, waache wanune.

Sasa wewe na Mwenyekiti wa Mtaa. Yeye na wajumbe wa Kamati ya Mtaa, wakiwemo wa viti vya wanawake, walichaguliwa na wakazi Novemba 27, 2024, kwa miaka mitano. Wewe umeajiriwa na halmashauri, unaripoti kwa Mtendaji wa Kata, na kwenye kamati wewe ni katibu. Mwenyekiti hana mshahara kama wako, ila ndiye anayegongewa mlango usiku wa manane mwizi akikamatwa. Kwa hiyo hata kama umri wenu ni sawa, kikaoni ni "Mheshimiwa Mwenyekiti", na jambo zito mlizungumze ninyi wawili kabla ya mkutano. Kwa wazee wa Kigogo, anza na salamu yao, "mbukwenyi", kabla ya agenda. Utashangaa milango inavyofunguka.

Nguvu yako halisi iko kwenye muhtasari. Mwenyekiti ana kura za watu, diwani ana Baraza la Madiwani, wewe una kalamu. Nimesoma mihutasari mingi iliyoandikwa "suala la maji lilijadiliwa kwa kina". Hiyo haimsaidii mtu. Andika hivi: "Mkutano umeazimia kuiandikia mamlaka ya maji, DUWASA, kuhusu bomba linalovuja karibu na shule. Mtendaji apeleke barua kabla ya Ijumaa." Ambatisha orodha ya mahudhurio yenye sahihi, maana mtu wa kwanza kupinga azimio atauliza akidi ilitimia au la. Mwenyekiti ataubeba muhtasari huo kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, na diwani ataupandisha jijini. Ukikosekana muhtasari, diwani anasimama kwenye baraza na maneno matupu.

Barua za utambulisho zitakula asubuhi zako: NIDA, akaunti ya benki, mkopo wa halmashauri wa asilimia kumi (wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu), dhamana ya polisi. Ya dhamana isome mara mbili. Usimtambulishe mtu usiyemjua kwa sababu tu ana haraka. Fungua rejesta ya wakazi, au mwite balozi wa nyumba kumi wa eneo lake aje aseme. Balozi anajua kila nyumba na mpangaji wake, lakini kumbuka ni kiongozi wa chama. Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, si ngazi ya serikali, kwa hiyo asiingie kwenye muhtasari kwa cheo hicho.

Mikutano ya wakazi ipange kwa kuangalia mvua. Januari asubuhi, kwenye mitaa ya pembezoni, watu wako shambani. Ukiitisha saa tatu utahutubia mwarobaini. Saa kumi jioni ni afadhali. Mapato na matumizi yasome kwa sauti kisha ubandike kwenye ubao wa matangazo, hata kama ni fedha kidogo, kwa sababu uvumi wa fedha kidogo ndio unaoondoa watendaji.

Na siku ya kwanza usikubali kukabidhiwa ufunguo peke yake. Dai makabidhiano ya maandishi: muhuri, rejesta, jalada la mihutasari, vitabu vya stakabadhi pamoja na namba zake za mwanzo na za mwisho. Asaini anayeondoka, usaini wewe, Mwenyekiti ashuhudie, nakala moja iende kwa Mtendaji wa Kata siku hiyo hiyo.