Kabla hujamwita mwanao Ayaan, njoo tuongee kidogo

Mimi nina steshenari huku Ngamiani, Tanga. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za kuomba kazi, ila wanaojaza benchi langu hasa ni wazazi wanaoomba vyeti vya kuzaliwa kwenye mfumo wa RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo. Mama anakuja na tangazo la kizazi alilopewa hospitali na kadi ya kliniki, mimi najaza. Kwahiyo majina ya watoto wa mji huu nayaandika mimi kabla hata majirani hawajayasikia, na kwa ninayoyaona pale dirishani nina maneno mawili matatu kwa nyie mnaosubiri mtoto.

Kwanza hilo jina unaloliona la peke yako, shoga angu, samahani, sio la peke yako. Saivi msimu ni wa yaan: Ayaan, Rayyan, Zayaan, Ariyan. Kila mama anainama ananinong'oneza eti hili huku kwetu hakuna mwenye nalo, afu mimi nanyamaza tu maana la jirani yake nimeliandika asubuhi ile ile, tofauti herufi moja. Mwalimu wa chekechea akisimama mlangoni akaita "...yaaan!" nusu ya watoto wanageuka. Wa kike nao ni Inaya, Anaya, Naya, Aaliyah, mlio ule ule.

Na sio Tanga tu msijione. Marekani miaka ya 2000 iliwapitia hii hii, Aiden, Jayden, Brayden, Kayden, Hayden, kila mzazi anawakimbia wenzie na wote wanakutana kona moja. Wenzetu wale wana rekodi za majina za tangu 1880, zinatunzwa na ofisi yao ya hifadhi ya jamii. Mwaka 1950 jina la kwanza kwa wavulana lilikuwa James, karibu watano katika kila mia. Liam, anayeongoza kwao tangu 2017, hafiki hata wawili katika mia. Yaani watu wanakwepana kwelikweli, ila masikio yao yanasikiliza kitu kimoja.

Majina haya ya msimu yana kawaida ya kuja na mtu maarufu au TV. Obama aliposhinda mwaka 2008, Kisumu wakazaliwa kina Barack na kina Michelle. Huku kwetu ikaja zamu ya tamthilia za Kituruki, nikaanza kuandika kina Emir na kina Aylin, na wazazi wenyewe ni Wadigo na Wabondei safi. Silaumu, ni majina mazuri. Ila someni habari ya Kevin. Mwanzoni mwa miaka ya 90 Ufaransa na Ujerumani lilikuwa ndio jina la mjini, kila mtu Kevin, wakati huo Kevin Costner anawaka kwenye sinema na yule mtoto wa sinema ya Krismasi naye anaitwa Kevin. Miaka ikapita, likachuja. Ujerumani kuna utafiti ulifanyika Oldenburg mwaka 2009, wakaulizwa walimu wa shule za msingi wanaonaje majina ya wanafunzi, Kevin akatoka na sifa ya utundu na uzito darasani, hata hajafungua mdomo! Mtoto hana kosa, kosa lake ni kuzaliwa msimu ulipokuwa umepamba moto. Ndo maana nawaambia, jina lililotoka kwenye tamthilia iliyoisha mwezi uliopita lipe muda kwanza, kama bado mnalipenda mtoto akikaribia kuzaliwa basi sawa.

Sasa hapa kwenye wazee ndio kuna kasheshe. Siku moja amekuja mama na mama mkwe wake kutoka Muheza, mtoto kafungwa mgongoni kwa bibi. Nauliza jina, mama anasema Zayaan. Bibi anageuza shingo, "Nani? Zaituni?" Mama anarudia taratibu, Za-yaan. Bibi kanitazama mimi machoni, "Mwanangu, andika Athumani, ndo jina la babu yake, na babu yake yuko kaburini hajaitwa na mjukuu hata mmoja." Mama kimya, anakunja kona ya tangazo anakunjua, anakunja tena. Kampigia mumewe, mume anasema mimi niko kazini malizaneni huko, kakata simu. (Wanaume mna shida sana kwenye hili, mnapotea mpaka siku ya kuchinja mbuzi wa akika ndio mnaonekana mmevaa kanzu.) Nikawaambia siandiki kitu leo, nendeni mkaongee.

Wamerudi wiki nyingine, jina Uthman. Mama karidhika maana liko kisasa, bibi karidhika maana kwake bado ni Athumani na ndivyo anavyomuita hadi leo. Na hii ndio njia naiona inashika sana hapa mjini, jina la babu linasafishwa linarudi na nguo mpya: Bakari anarudi Abubakar, Fatuma anarudi Fatma, Asha ni Aisha, Zainabu ni Zaynab, Mariamu ni Maryam. Kama nyumbani kuna ubishi anzeni hapo, mtajiepushia vikao. Ila mpime na hili, mama ukimpa mtoto jina la baba mkwe wako uwezekano mkubwa hutaweza kumfokea kwa jina hilo, utaishia kumwita Babu au Mkwe, na jina la cheti litabaki la shuleni. Nawajua kina Babu wa darasa la saba.

Kuna watu hawapati hizi taabu kabisa. Wakikuyu wa Kenya kwa mila yao mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, imeisha hiyo, hakuna kikao. Ghana kwa Waakan kalenda ndio inaamua, wa kiume wa Ijumaa ni Kofi, wa Jumamosi ni Kwame, ndio kina Kofi Annan na Kwame Nkrumah hao. Na sisi si tulikuwa hivyo hivyo? Juma, Mwanajuma, Khamis, Mwanahamisi, Ramadhani, Rajabu, Shabani, Mwanaidi, Chausiku, Tatu. Saivi Chausiku nikimsikia ni jina la bibi, kwenye mtoto hayupo. Mimi naamini watarudi. Uingereza majina ya mababu yaliyoonekana ya kizee, Arthur, Ivy, Florence, yamerudi juu kwenye orodha na vijana ndio wanayapigania. Mwenye kutangulia na Mwanahamisi mwaka huu atakuwa na jina la pekee kweli, tena la bure, wala halihitaji kugugo.

Haya, herufi. Hapa nitakuwa mkali. Ukiangalia takwimu za Uingereza na Wales, jina lililoongoza kwa wavulana waliozaliwa 2023 ni Muhammad, likampita Noah, na hapo wamehesabu Muhammad ya herufi hizo tu, Mohammed wanaihesabu mbali, Mohammad mbali, na zote mbili nazo zimo kwenye mia za mwanzo. Kwao ni tofauti ya kwenye jedwali. Kwetu ni tofauti ya kukosa usingizi. Kila mwaka msimu wa maombi ya mkopo wa chuo ukifika benchi langu linajaa vijana, maana Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na hapo ndipo kijana anagundua kwenye cheti ni Zulfa na kwenye matokeo ya kidato cha nne ni Zulpha. Au Rayan wa kitambulisho cha taifa cha NIDA na Rayyan wa shule. Inaanza safari ya hati ya kiapo, wakili, kurudi ofisini, nauli juu ya nauli, wakati tarehe ya mwisho inakimbia. Mzazi aliyeongeza herufi ya pili ili jina lipendeze hayupo kwenye foleni, aliyepo ni mtoto.

Kwahiyo a mbili, y mbili, h ya mapambo, mimi siwakatazi, ila amueni moja na ikae hivyo hivyo kuanzia kliniki. Nesi anaandika anavyosikia, umwambie herufi, usimwambie jina tu. Mwalimu wa chekechea naye mpe kopi ya cheti, usimtajie kwa mdomo. Wenzetu wengine serikali inaingilia kabisa, Iceland wana kamati ya majina na kuna binti alienda mahakamani hadi 2013 ndio akaruhusiwa kuitwa Blær, jina alilopewa na mama yake. Japani tangu Mei 2025 sheria inabana wazazi wanaoandika jina kwa herufi hizi halafu wanataka lisomwe kitu kingine kabisa. Kwetu kamati ni wewe na mimi pale dirishani, basi.

Na ukumbuke huku kwetu jina la mtoto utaitwa na wewe, Mama Zayaan, Baba Zayaan, sokoni, msibani, kwenye kikoba. Litamke mbele ya muuza samaki wako wa kila siku uone analirudishaje. Mkishakubaliana njooni wote wawili na tangazo lenu, nikimaliza kujaza nitakugeuzia skrini usome mwenyewe herufi kwa herufi kabla sijatuma, na usiniambie "iko sawa" huku unaangalia simu.