Ukitaka watu waje, tazama mwezi kwanza

Kama unaishi kando ya ziwa na umepewa kazi ya kuandaa bonanza la kiangazi, usianze kwa kuuliza mbuzi wa zawadi atatoka wapi. Uliza kwanza siku hiyo mwezi utakuwa wa ngapi.

Nimekuwa katibu wa kamati ya mtaa wetu hapa Ujiji, mkoani Kigoma, tangu 2019, na mwaka huohuo wa kwanza nikachemsha. Tulipanga bonanza Jumamosi, tarehe 3 Agosti. Hatukukosa kitu: maturubai mawili, spika za kukodi, timu nne za mpira, kamba mpya ya kuvutana, na beberu mweupe aliyekuwa amefungwa chini ya mwembe tangu Alhamisi, watoto wanamlisha maganda ya ndizi. Saa kumi jioni timu ya kwanza ikaingia uwanjani na watu saba. Wapinzani wao walikuwa watano, mmoja wao fundi cherehani aliyepita kutazama tu, akavuliwa kandambili na kupewa jezi. MC aliita watu mpaka sauti ikamkauka. Waliokuja ni watoto, wazee, na wauza karanga.

Usiku nikapita kwa mjomba wangu, mvuvi aliyestaafu, amekaa barazani na redio yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Mbuzi kachukua nani?"

"Bado tunaye. Watu hawakuja."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwezi umeandama jana. Vijana wako kwenye giza. Nyie mmesoma kalenda ya ukutani, hamkusoma ya juu."

Nimezaliwa hapa, nimekula dagaa tangu sijaota meno, na bado jambo hilo lilinipita. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri au za sola. Mwanga ukimulika majini, wadudu wadogo wanaufuata, dagaa wanawafuata wadudu, na migebuka inawafuata dagaa. Lakini mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena cha kumvutia samaki, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Siku za giza ni kinyume chake: wanaume wanaingia ziwani jioni, wanarudi alfajiri, mchana wanalala. Wanawake nao huwaoni, kwa sababu alfajiri wako ufukweni wananunua, na mchana wako kwenye vichanja wanageuza dagaa na kuwafukuza kunguru. Bonanza la saa tisa alasiri katikati ya giza ni sawa na kumwalika mlinzi wa usiku kwenye kifungua kinywa.

Tulirudia wiki mbili baadaye, Jumamosi ya tarehe 17 Agosti, mwezi kumi na tano, yaani siku ya kumi na tano tangu mwezi kuandama. Sikubandika hata tangazo. Tulipita na spika moja kwenye bajaji, basi. Uwanja ulijaa hadi watu wakapanda miembe, na beberu, aliyekuwa amenenepa kwa maganda ya wiki mbili, alikwenda na washindi, timu ya Kibirizi, akiwa amebebwa mabegani. Nilisikitika kidogo. Nilikuwa nimeshamzoea.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: shughuli yoyote inayohitaji watu wazima, iweke kati ya mwezi 12 na mwezi 18. Huna haja ya programu yoyote ya simu. Hapa Ujiji muulize yeyote anayetoka msikitini, atakwambia mwezi leo ni wa ngapi bila kufikiri. Ukishapata siku hizo sita au saba, tafuta Jumamosi ndani yake. Ijumaa ni ya msikiti, Jumapili asubuhi ni ya kanisa, na Nane Nane usishindane nayo.

La pili ni pesa, na hapa wengi wanakosea hata wakiujua mwezi. Mtaani kwetu hesabu za giza hufungwa mbalamwezi inapoanza: mwenye mtumbwi anatoa gharama zake, kinachobaki kinagawiwa. Michango ikusanye siku mbili tatu za mwanzo. Ukingoja mpaka mwezi kumi na tano utakuta deni la duka limelipwa, bati limenunuliwa, kitenge kimenunuliwa, na wewe unaambiwa "katibu, nipitie kesho". Na mpitie kila mtu mwenyewe, na daftari mkononi, usome kwa sauti majina ya waliotangulia kutoa. Siku hizi tuna kikundi cha WhatsApp, lakini kwenye simu watu wanatuma vidole gumba, si shilingi.

Ahadi za wakubwa usiziweke kwenye bajeti. Mwaka mmoja mfanyabiashara alituahidi fulana sitini. Alikuja, akapiga picha na timu, akaondoka na picha. Fulana tunazingoja mpaka leo. Tangu hapo timu moja inacheza na jezi, nyingine inacheza vifua wazi, na mpira ni uleule.

Mwaka 2024 hesabu zote zilivurugika. Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu kupumzisha samaki, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na nchi nyingine zinazopakana nalo nazo zilikuwa kwenye mpango huo. Yaani kiangazi karibu chote. Vijana walikuwepo mtaani kila siku, mwezi uwe wa ngapi, lakini mifuko ilikuwa mitupu. Kwenye kikao wengine walisema tuahirishe. Mimi nilikataa, na bado naona nilikuwa sahihi: mtaa wenye vijana mia mbili wasio na kazi miezi mitatu unahitaji mpira kuliko mtaa wenye pesa. Tulichofanya ni kuacha kuomba shilingi. Tukaomba vitu na mikono. Mwenye shamba alileta mihogo, mama mmoja mafuta ya mawese, seremala akatengeneza magoli, vijana wakasawazisha uwanja kwa majembe. Zawadi ya mshindi ilikuwa gunia la mkaa. Tuliifanya tarehe 22 Juni, mwezi mpevu na shule zimefungwa, na mpaka sasa sijaona bonanza letu lililokuwa na ugomvi mchache kama lile. Kwa hiyo kabla ya kupanga, ulizia pia kama ziwa litafungwa, halafu uamue unaomba nini.

Kiangazi chenyewe kina tabia zake. Mvua hakuna, ni kweli, lakini vumbi lipo. Uwanja wa udongo mwekundu wachezaji ishirini na wawili wakikimbia, baada ya dakika kumi watazamaji wote wana rangi moja. Tunamwagia maji ya ziwa asubuhi na tena adhuhuri, kazi ya watoto wenye ndoo, nao huifanya kwa furaha kuliko michezo yenyewe. Moshi wa mapori yanayochomwa nao unatanda, milima ya Kongo ng'ambo inapotea kabisa, na wenye pumu wanateseka. Wazee waweke upande ambao vumbi haliendi. Mechi ya kwanza ianze baada ya Alasiri, ya mwisho iishe kabla ya adhana ya Magharibi. Jua letu linazama ziwani, kwa hiyo goli lisitazame magharibi, la sivyo kipa wa upande huo atadaka kwa kubahatisha.

Mashindano ya mitumbwi ndiyo yanayovuta watu wengi, na ndiyo yanayoninyima usingizi. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi mahali pake pa ndani kabisa, hakuna lililo refu kwenda chini kama hili Afrika nzima. Halichezewi. Mwaka wetu wa pili tuliweka mkondo wa kwenda mbele na kurudi, na mashemeji wawili walioingia kwa mzaha, wakiwa wamevaa shuka na viatu, wakapinduka mbali kuliko tulivyopenda. Walitolewa salama, simu mbili hazikutoka. Sasa masharti yetu ni haya: mkondo unakwenda sambamba na ufuko, karibu kiasi kwamba mtu akiita anasikika. Boti yenye injini inafuata nyuma, na dereva wake haruhusiwi kuwa shabiki wa timu yoyote. Asiye na jaketi okozi haingii, hata awe mvuvi wa miaka thelathini. Hao wa miaka thelathini ndio wabishi. Na kuhusu upepo, usiamini makadirio yako. Asubuhi ya siku hiyo nenda ufukweni ukamuulize mtu aliyetoka majini. Akikunja uso, geuza mbio za mitumbwi ziwe za magunia. Watu watanung'unika nusu saa, halafu watasahau.

Chakula usikipike wewe. Kamati nyingi zinajitwisha masufuria, mwishowe makatibu wanakosa kutazama fainali na bado wanasingiziwa kula nyama. Waachie mama lishe wauze: ugali wa muhogo, mgebuka wa kukaanga, dagaa wa mawese, mihogo ya kuchemsha. Wape sehemu bure, wadai jambo moja tu, maji ya kunawa yenye sabuni kwenye kila meza. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Mkoa wetu unakijua kipindupindu, sihitaji kueleza zaidi.

Lakini ninachokipenda kuliko vyote huja baada ya Magharibi, na hakina gharama. Kwa kuwa mmechagua mbalamwezi, taa mnayo. Zima jenereta. Tandika mikeka chini ya miembe, walete watoto, mtafute mzee mmoja mwenye ulimi. Sisi tulimpata mzee aliyewahi kufanya kazi melini. Aliwapa watoto habari ya meli ya Liemba: ilivyoundwa Ujerumani, Papenburg, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa kwenye masanduku mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 ili adui asiipate, Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina hili tunalolijua. Alipofika pale pa kuzamisha, alisimama, akachukua ndala yake, akaitia kwenye ndoo ya maji na kuikandamiza chini kwa vidole viwili. Watoto wapatao arobaini wakanyamaza. Kisha akaiachia, ikaibuka, wakapiga kelele ambazo nina hakika zilifika Bangwe.

Kesho yake asubuhi tuliwapeleka kwa miguu kwenye kumbukumbu ya Livingstone, pale alipokutana na Stanley 1871. Wengi wao wamezaliwa umbali wa kutembea na walikuwa hawajawahi kuingia. Kijana mmoja akauliza kwa nini watu wanasema pale palikuwa ukingoni mwa ziwa wakati ziwa liko mbali. Akajibiwa kwamba maji yamerudi nyuma. Akataka kujua yatakuja lini. Panga muda wa maswali kama hayo, usiwaharakishe.

Kibali kiombe mapema, serikali ya mtaa kwanza, kisha mtendaji wa kata, kisha polisi, na uandike saa ya kuzima muziki wewe mwenyewe kabla hawajakuandikia.

Na viti. Vihesabu vinaposhushwa na uvihesabu tena kabla havijapakiwa, ukiwa umesimama mlangoni mwa gari. Mwaka jana tulikodi 150, tukarudisha 147, nikalipa vitatu kutoka mfukoni mwangu. Wiki iliyofuata giza lilipoanza nikashuka ufukweni alfajiri kununua dagaa, nikavikuta vyote vitatu mchangani, mama zangu wadogo wamekalia wanachambua dagaa. Wakaniita nikae.

Nikakaa.