Hiari gani inayomfukuza mtoto darasani?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko gredi ya tano, shule ya serikali. Jumatatu alirudishwa nyumbani kwa shilingi 450 za mtihani na za mlinzi wa lango. Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa ni mchango wa hiari, wazazi walishaupitisha mkutanoni. Mume wangu anasema elimu bure ni mambo ya mikataba ya Wazungu, huku kwetu haifiki. Ni kweli?
Mama Riziki, Kilifi

Jibu: Marahaba, Mama Riziki. Mwambie Baba Riziki ilishafika zamani. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni mwaka 1972, na kifungu cha 13 kinataka elimu ya msingi iwe ya lazima na ya bure kwa wote. Katiba yetu ya 2010 inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Hata ujanja wa “hiari” unajulikana: mwaka 1999 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo iliitaja michango inayoitwa ya hiari na kumbe siyo.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, ndiyo itakayokufaa zaidi. Mchango wowote lazima uidhinishwe na waziri. Mikono ya wazazi mkutanoni haitoshi. Na hata ukiidhinishwa, mtoto hafukuzwi kwa kukosa kulipa.

Mimi mwenyewe si malaika. Nikiwa mwalimu mkuu niliwafukuza. Karo ilipofutwa mwaka 2003, serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kwetu zilichelewa. Mlinzi naye hali ahadi. Asubuhi moja nikasoma majina paredi. Saa tano nikamkuta mmoja wao amesimama juu ya jiwe nje ya dirisha la darasa lake, ananakili hesabu za ubaoni. Deni la mlinzi lilikuwa la serikali, nami nilimdai mtoto wa miaka kumi.

Kesho mpeleke mwenyewe. Mwombe mwalimu mkuu, kwa heshima, akuonyeshe idhini ya waziri. Akiwa hana, andika barua ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, nakala yako igongwe muhuri. Mwalimu wa darasa usimgombeze; orodha ile hakuitunga yeye.