Kai-o-ti au kai-ot?

Umeuliza kwa nini wawindaji wawili wa Marekani wanamtaja koyote, yule mnyama wa porini wa jamii ya mbwa, kwa matamshi mawili tofauti. Wote wako sawa, ndugu yangu. Neno ni la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa asili wa Meksiko, coyotl, likapitia Kihispania cha Meksiko, na kule wanasema ko-yo-te, vile vile Mswahili angelisoma bila kufundishwa! Wazungumzaji wa Kiingereza ndio walioligeuza. Mijini utasikia zaidi kai-o-ti, ila wafugaji na wawindaji wengi wa magharibi hukata mkia: kai-ot. Ukitaja silabi tatu mbele ya mzee mwenye ranchi, anajua papo hapo kwamba wewe ni wa kuja.

Halafu wawindaji hao wanaandika "yote". Usicheke, si ile ya mambo yote. Hutamkwa yot, kifupisho tu. Wengine humwita mbwa mwimbaji kwa milio yake ya usiku: wakianza wawili tu, utaapa ni kundi zima. Hata jina la kisayansi, Canis latrans, maana yake mbwa abwekaye.

Ukimwita mbweha utaeleweka, ingawa mbweha wetu ni mnyama mwingine.