Tairi bado zina kashata, nibadilishe za nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina IST nimeinunua kwa mtu mwaka jana, natembelea Mbagala kwenda Posta kila siku, na Desemba tunataka kwenda nayo Moshi mimi na watoto na mama. Sasa juzi nimepata pancha, yule kijana wa pancha akanambia dada hizi tairi zimekufa badilisha zote nne. Nikamuuliza zimekufaje wakati kashata, yale meno ya tairi, zinaonekana kabisa? Akacheka tu. Fundi wangu wa gereji anasema zinadunda mpaka mwakani bila wasiwasi. Nimsikilize nani, maana tairi nne ni hela ndefu. Picha nimekutumia. (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msikilize kijana wa pancha, na ukipita tena mnunulie soda.

Picha yako nimeikuza. Kashata kweli zipo, sikatai. Ila angalia pembeni ya tairi, yale maandishi yanayoanza na DOT, mwishoni kuna namba nne zimefungiwa kwenye kiduara kirefu kama yai, zako zinasoma 3814. Maana yake tairi limetengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2014. Namba hiyo ndo cheti cha kuzaliwa cha tairi, na watu wengi wanaendesha miaka na miaka hawajawahi kuisoma hata siku moja. Viwanda vingi vinasema tairi likifika miaka mitano lianze kukaguliwa kila mwaka, na likifika 10 litoke hata kama linang'aa. La kwako limeshapita hapo. Na vile vimistari vidogo vidogo kama kisigino kilichopasuka unavyoviona pembeni, hiyo ni raba imekauka, imepoteza mafuta yake, haivutiki tena, kwa hiyo mjini kwenye foleni itakuvumilia lakini ukishapita Chalinze saa saba mchana, gari imejaa watu na mabegi, spidi 80, lami inachemka, hapo ndo inapokumbuka umri wake.

Mimi haya sikuyasoma popote, yamenikuta. Enzi nina Mark II nilipata pancha njia ya Morogoro, nikafunga spea ambayo ilikuwa haijawahi kugusa lami tangu gari iingie nchini, mpya kabisa, bado ina vile vinywele vya raba. Nikajisifu hapo. Sikufika Mdaula, kashata yote ikabanduka kama ganda la ndizi, ikapiga madigadi ikang'oa na plastiki ya ndani, tairi lenyewe bado lina upepo! Nilivyokuja kulisoma lilikuwa na miaka 13. Kwa hiyo na wewe fungua buti usome na ya spea, usibadilishe nne halafu ya tano ukaiacha ikusubiri Korogwe.

Kwa kashata zenyewe, ndani ya mifereji kuna vijituta vidogo vya raba vimelala kukatisha. Kashata ikiisha mpaka ikalingana na kile kijituta ujue imebaki milimita 1.6, hapo hakuna mjadala tena. Tairi jipya la gari ndogo linakuwa na kama 8. Usipoviona chomeka kijiti cha kiberiti kwenye mfereji, unene wa kijiti ni karibu milimita 2, kama upana wake tu ndo umezama basi mvua ya Aprili isikukute nazo, maana maji hayana pa kupita, gari inaelea. Na ukiona uvimbe pembeni kama jipu, usiulize fundi yeyote, nyuzi za ndani zimekatika, toa siku hiyo hiyo.

Kitu kingine, kwenye picha ya tairi ya mbele kushoto naona imelika upande wa ndani tu. Hiyo ni alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka sawasawa. Ipige baada ya kufunga mpya, la sivyo utazimaliza mapema halafu useme umeuziwa feki. Na upepo ujaze asubuhi tairi zikiwa za baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kistika cha mlango wa dereva, Mjapani anaandika kPa, 220 ni kama 32 kwenye geji zetu. Wale wa kukujazia 40 kila tairi achana nao, tairi linalika katikati.

Hela ikigoma kwa zote nne, anza na mbili na hizo mpya ziende nyuma, zile zenye nafuu mbele. Najua fundi wako atabisha. Nyuma ikiteleza kwenye kona gari inazunguka, na kuirudisha siyo kazi ya dereva wa kawaida. Ila kwa safari ya Moshi, bora mngoje mpaka zitimie.

SWALI: Fundi mambo, mimi nina Noah ya abiria, kuna jamaa wanachonga tairi upya kwa bei ya kutupa, vipi inafaa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Poa. Haifai bana. Tairi za malori zipo zilizotengenezwa zichongwe, zina raba nene chini na zimeandikwa REGROOVABLE pembeni. La Noah yako chini ya mfereji kuna raba nyembamba tu halafu waya, jamaa anachonga kuelekea kwenye waya. Leo jioni inama uzitazame, ukiona kitu kinang'aa ndani ya mfereji kama sindano, kesho usipakie mtu.